Mfereji wa Bondeni

Mjukuu wangu Wambui,

Huku Kabiria tu wazima. Mamako amepona kikohozi, na ng'ombe amezaa ndama jike. Uliuliza ni akina nani wale wazee waliobeba jeneza la babu yako, maana katika picha hukumtambua hata mmoja.

Miaka ya sitini babu yako alikuwa karani wa ofisi ya maji mjini, kazi aliyoifanya hadi kustaafu. Kijiji kilipopewa mfereji mmoja wa maji ya bomba, yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati. Nilikuwa na mamako mgongoni na mimba nyingine, nikajua utawekwa karibu nasi. Akauweka chini kabisa bondeni, mlangoni pa mjane kipofu.

"Na mimi mkeo?" nikamuuliza.

"Wewe unaona njia," akasema.

Nilinuna, hata chai sikumpikia. Kesho yake asubuhi nikakuta madebe mawili ya maji jikoni, naye anapangusa matope kwenye viatu vya ofisi. Alifanya hivyo kwa miaka, tai ikiwa shingoni, mpaka tukavuta maji nyumbani. Siku hizo mwanamume kuteka maji ilikuwa aibu. Vijana wa bondeni walisimama njiani wakimcheka.

Ndio hao wazee wa picha. Gari la maiti lilipofika bondeni, walilisimamisha.

"Mama, mlima huu alikuwa akiupanda na mzigo," mmoja akaniambia. "Leo tuachie sisi."

Kula vizuri huko.

Mimi nyanya yako.