Chokowe wa Mwamba wa Kusini

Kituo cha Ndege, Skelda
8 Januari 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule muuguzi unayegombana naye juu ya kiko chako, mmepatana? Mimi sijambo, ila baridi imezidi. Maji yanaganda ndani ya ndoo jikoni, na simu ya kisiwa bado imekufa tangu Krismasi.

Hesabu ya ndege wa kisiwa inaendelea kila siku kama ulivyoniachia. Jioni nikishakula naita majina ya ndege mezani, aliyewaona ataje wangapi, kama tulivyokuwa tukifanya nyumba ikiwa imejaa wageni. Sasa kuna jirani yetu Mama Bella tu, anayekuja na mkate. Naita, “Mnandi!” Anaitika, “Hakuna!”

“Mama Bella, leo hukutoka nje.”

“Ndiyo maana sikuona.”

Wale vindege wako wa pwani, chokowe wa Mwamba wa Kusini, ni thelathini na mmoja. Wanakaa upande ule ule wa nyuma, huwaoni mpaka maji yatoke uvuke kwa miguu. Upepo umegeukia kusini-mashariki na maji yanarudi upesi. Usijali.

Mwanao,
Thora

Kirkwall
13 Januari

Mwanangu Thora,

Marahaba. Goti linasema dhoruba inakuja, nami naliamini kuliko redio. Muuguzi ameshinda, navutia kiko dirishani kama mwizi.

Hiyo “usijali” yako imeninyima usingizi. Upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji yarudi kabla ya saa yake, na ukiwa nyuma ya mwamba huyaoni yakikuzunguka. Geuka mapema. Najua hutaacha kwenda, damu ni yangu, na tangu nifungue kituo baada ya vita hatujaruka hata siku moja. Lakini geuka mapema.

Na kama kawaida yangu: chokowe wangapi?

Baba yako

Skelda
19 Januari

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nalitanguliza hilo makusudi.

Jumanne nilivuka, nikahesabu, nikageuka, njia haipo. Nilipita maji yakinifika kifuani, nikishika mwani kwa mikono miwili. Darubini yako ya shaba imekwenda na wimbi. Nisamehe. Mama Bella alinikuta mlangoni natetemeka, akanivua nguo kama mtoto huku akinitukana. “Wewe unahesabu ndege,” alisema. “Ukizama, nani atakuhesabu wewe?”

Chokowe ni ishirini na wanne. Hesabu haijakatika.

Baba, nikwambie kweli. Kila asubuhi nikivaa buti naogopa. Halafu nawaza nitakuandikiaje kwamba nimeruka siku, na hapo naogopa zaidi. Basi nakwenda.

Mwanao,
Thora

Kirkwall
24 Januari

Mwanangu,

Salamu zangu leo ni fupi. Kumbe unaniogopa mimi kuliko bahari. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Usivuke. Siku ikiwa mbaya andika kwamba hakuna aliyetoka, basi. Darubini ni shaba tu. Nilijisifu kwa ile hesabu isiyokatika mpaka nikaifanya mzigo mgongoni mwako, na mimi mwenyewe nimelala hapa mjini kwenye joto. Kaa ndani, mwanangu. Nakusihi.

Baba yako anayekupenda

Kirkwall
1 Februari

Thora,

Hujambo? Nauliza nikijua hakuna wa kunijibu. Boti haijatoka wiki nzima, na barua yangu bado imo ndani ya gunia la posta. Gunia nimeliona kwa macho yangu. Nakwenda bandarini kwa magongo kila siku, na nahodha ananikaripia, “Rudi nyumbani, mzee! Upepo hauogopi magongo!”

Kwa hiyo hujui bado kwamba nimekukataza. Kila maji yakitoka nakuona unavuka. Sili vizuri. Niandikie neno moja tu, hata la kunitukana.

Baba

Skelda
6 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekuja mbio gatini boti ilipofika, na barua zako mbili nimezifungua pamoja, nimeketi juu ya gunia la viazi.

Kabla ya kuzisoma nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukuomba radhi. Siku dhoruba ilipochachamaa, Mama Bella alikuja akaficha buti zangu nyuma ya pipa la unga. Nilizipata. Nilizivaa, nikafungua mlango, nikausikia ule mwamba unavyonguruma. Nikazivua mwenyewe. Jioni tulikaa mezani, nikamwambia leo sina jina la kuita. Akanikatia mkate. Siku hiyo imebaki tupu, Baba. Nililala nikidhani nimekuvunjia kazi ya maisha yako.

Sasa nimesoma barua zako zote mbili mpaka chini, nikalitafuta lile swali lako la chokowe wangapi. Halipo. Nimelia hapo hapo mbele ya nahodha, akajifanya anafunga kamba.

Basi nikujibu bila kuulizwa. Dhoruba imewafukuza ndege wako mwambani, wamekuja wenyewe kujibanza chini ya ukuta wa jikoni. Nimewahesabu dirishani, miguu ikiwa kwenye soksi. Chokowe kumi na saba, wote wazima.

Na mimi wa kumi na nane.

Mwanao,
Thora