Maji ya Jibini

Jumatano, 2 Julai

Maziwa yamerudi. Bright, kijana wangu wa kusafirisha maziwa, alipakia mikebe kwenye pikipiki asubuhi kama kawaida, kuipeleka Bwera kwa akina mama wa chai na hoteli za karibu na mpaka wa Congo. Jua halijapanda vizuri nikamsikia anarudi. Nikadhani pancha. Kumbe kuna kizuizi barabarani. Karantini! Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia kwa ng'ombe wa upande ule wa mbuga. Wanasema umetoka kwa nyati wa hifadhi. Ng'ombe asipite, nyama isipite, ngozi isipite, maziwa yasipite.

Bright alimweleza askari kwamba ng'ombe wa senta yetu, kijiji chetu hiki, ni wazima kabisa. Askari akasema basi waje wajieleze wenyewe. Halafu akakumbuka kwamba ng'ombe nao hawaruhusiwi kupita.

Bright anacheka. Mimi sicheki. Tangi langu la kupoozea maziwa limejaa nusu na kesho watu wanakamua tena.

Alhamisi, 3 Julai

Ng'ombe hawasikilizi redio. Karantini ni yetu sisi watu. Kiwele kikijaa kinakamuliwa, ama sivyo ng'ombe anaumwa. Kwa hiyo asubuhi wafugaji walikuwa mlangoni wote na majerikani yao, kama vile jana haikutokea kitu. Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia wakae nayo nyumbani. Nilijifunza hata maneno.

Wa kwanza alikuwa Eridadi. Ana ng'ombe mmoja na ndama wake mmoja, na huyo ng'ombe ndiye anayemsomesha binti yake Sylivia uuguzi kule Kasese. Akaniuliza, "Mama Musoki, umeamkaje?" Nikasema vizuri. Nikashika jerikani yake, nikamimina. Baada ya yeye ningemkataa nani?

Hapa kwetu nyasi ndiyo mali. Hatuna kahawa kama watu wa Bwesumbu huko mlimani, hatuna mto wa samaki. Kuna duka la Musimenta la sabuni na chumvi, naye anafuga pia, kuna kinyozi, kuna mimi na tangi langu. Maziwa yakisimama, hata kinyozi hanyoi mtu.

Jumamosi, 5 Julai

Nimegawa shuleni. Nimegawa kanisani. Watoto wa jirani sasa wakiona kikombe wanakimbia. Umeme umekatika tangu jana, na maziwa hayana subira.

Jioni nimemwaga mkebe mzima nyuma ya nyumba. Kisha nikalia. Mtu mzima mimi, nalilia maziwa mbele ya kuku!

Geneviève akanikuta hapo. Amepanga chumba changu cha nyuma tangu alipokimbia vita vya kule Beni. Anashona nguo, anasali rozari yake, hana maneno mengi. Leo alikuwa nayo. Huniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao.

"Yaya, uko namwanga maziwa? Hii iko zambi. Tufanye fromage."

Nikamuuliza nani hapa anakula jibini. Akasema aliitengeneza miaka mingi kwa masista kule Lubero, na Wakongomani wote wa soko la Bwera wanaitamani. Na jibini haiozi upesi. Inaweza kungoja barabara ifunguliwe. Hapo ndipo nilipofuta macho.

Jumatatu, 7 Julai

Tumefanya. Maziwa ya watu wote sufuria moja kubwa, ile ya harusi. Moto kidogo tu, vuguvugu, kidole kivumilie. Mimi nilitaka yachemke, akanishika mkono. "Hapana chemusha, yaya. Ukichemusha, haitashikana vizuri." Akatia kipande cha tumbo kavu la mwana mbuzi, alichokihifadhi kwenye kitambaa. Tukangoja. Maziwa yakaganda kama ugali mwepesi! Tukakata, tukachuja, tukakandamiza kwa jiwe la kusagia.

Musimenta alionja akasema inanuka soksi za mwalimu. Lakini alionja mara mbili, nilimwona.

Nilikuwa sijacheka tangu karantini.

Jumatano, 9 Julai

Sasa shida ni yale maji. Ukishatoa jibini, yanabaki mabeseni na mabeseni ya maji ya kijani kibichi. Ukimwaga, inzi. Geneviève anasema masista walikuwa wanawapa ndama na nguruwe, nao wananenepa. Kiangazi hiki nyasi zimekuwa waya, ndama wote mbavu nje. Basi nimeamua: kila aliyeleta maziwa anarudi na maji yake nyumbani. Haki kwa haki.

Eridadi alirudi jioni kuniambia ndama wake amekunywa mpaka akalamba ndoo. Alisimama hapo anatabasamu kama aliyejaliwa mjukuu. Wengine nao wamefurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimemwambia Geneviève asilipe kodi ya mwezi huu, akakataa, tukagombana kidogo kwa furaha.

Mimi mwenyewe sina hata ng'ombe mmoja. Lakini leo nilijisikia mama wa mazizi yote.

Alhamisi, 10 Julai

Daktari wa mifugo amekuja kutoka Kasese, Daktari Kyomuhendo. Mwanamke mfupi, gambuti zinampita magoti. Amepita kila zizi, amefungua midomo, ameinua kwato. Wote wazima! Mbele ya watu wote akasema tukibaki safi hivi mpaka mwisho wa mwezi, ataandika maziwa yetu yaruhusiwe kupita. Ila ng'ombe wa nje asiingie. Hata mbuzi wa mahari asiingie.

Watu walipiga makofi. Tumeapa. Asiingie.

Jumamosi, 12 Julai

Afande Onen amekuja. Ni mwanajeshi mstaafu, anafuga upande wa hifadhi, mbali kule ambako nyasi zinaungana na mbingu. Hakupita barabarani. Amesukuma baiskeli katikati ya mbuga, mikebe miwili imefungwa kwa mpira. Mtu wa umri ule. Viatu vimejaa vumbi.

"Mama. Nasikia hapa munapokea maziwa. Pokea hii."

Nikamuuliza ng'ombe wake wakoje. "Ng'ombe yangu hakuna shida." Alisema kama anatoa ripoti, lakini macho yalikuwa mlangoni, kama mtu aliyezoea kuambiwa rudi.

Ningefanyaje? Amevuka mbuga nzima. Nimepokea. Yameingia sufuria moja na ya wengine. Jioni kila mtu akachukua maji yake.

Jumatatu, 14 Julai

Jibini kumi na nne rafuni. Bright amepeleka habari Bwera, jibini yenyewe haipiti. Amerudi na salamu. Wakongomani wa sokoni wanauliza barabara itafunguliwa lini, kuna mmoja anataka zote. Geneviève anazigeuza na kuzipaka chumvi huku anaimba wimbo wa kanisa. Nimeanza kupanga. Nikipata kibali cha barabara, nitanunua sufuria ya pili.

Jumatano, 16 Julai

Bright amekuja na habari mbaya. Kwa afande Onen kumefungwa. Ng'ombe wake wanachechemea, wanatoa udenda, wengine hawasimami. Inasemekana walianza wiki iliyopita.

Wiki iliyopita.

Nilingoja Bright aondoke. Nikampigia Daktari Kyomuhendo. Nilisema nauliza kwa niaba ya rafiki. Je, ugonjwa huu unapita kwenye maziwa? Akasema ndiyo, unapita, na ndama akinywa anaupata. Akaniuliza huyo rafiki aliyachemsha? Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Kabla sijakata aliniambia jambo moja zaidi. Ng'ombe wakubwa wengi wanapona, ila maziwa yanakauka. Ndama ndio wanakufa.

Tulimzuia ng'ombe wa nje. Tulizuia hata mbuzi wa mahari! Maziwa yakaingia kwa mlango wangu, nami ndiye niliyeyapeleka zizi kwa zizi, kwa mikono yangu, kwa haki.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia Geneviève. Hakulia. Aliacha sindano ndani ya kitambaa, akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kukunja vitenge vyake.

Nikamwambia akome. Ni mimi niliyepokea maziwa ya Onen, si yeye. Nitasimama mbele ya watu niseme.

"Yaya, batu habatauliza nani alipokea. Batauliza fromage ilitoka wapi." Akaendelea kukunja. Akasema ataonekana mkimbizi aliyeleta ugonjwa toka Congo. Kwamba alishaona watu wakifukuzwa kwa makosa madogo kuliko haya. Kwamba haogopi kwenda, ila hajui aende wapi safari hii.

Anasema kweli. Nawajua watu wangu, ni wazuri sana mpaka siku wanayoumia.

Nimemwomba angoje. Labda Mungu atasaidia. Labda maziwa mengi ya sufuria kubwa kiasi kile yaliuzimua ugonjwa. Sijui ninachosema.

Leo watu wameleta maziwa. Nimepokea nikayachemsha yote mpaka yakafurika motoni. Nimewaambia jibini leo hakuna, Geneviève anaumwa kichwa. Wakasema pole. Musimenta alimletea tangawizi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeshika simu. Nimeiweka. Nimeishika.

Nikimwambia daktari, anakuja na sindano na kamba, anafunga senta, na atauliza mbele ya watu wote. Nikinyamaza, pengine kuna ndama leo anayeweza bado kutengwa na mama yake. Nimefanya biashara hapa tangu mume wangu akiwa hai, sijawahi kukosa la kusema. Mtu akileta maziwa yenye maji nilimwambia wazi machoni pake. Sasa mdomo umenigeuka.

Tenda wema, wanasema, nenda zako. Mimi niende wapi? Tangi limefungwa na saruji sakafuni.

Jumamosi, 19 Julai

Eridadi yuko mbele, kwenye benchi. Naandika huku nyuma. Nimemwambia angoje nipike chai.

Amekuja na jerikani tupu. Ameiosha, inang'aa. Amesema ndama tangu juzi amekataa majani. Mate yanamtoka, mguu anauinua, anauweka. "Lakini ile maji yako, mama, najua ataikunywa. Ile ndiyo ilimupa nguvu." Kisha akatoa mapapai mawili kwenye mfuko. Si yangu. Ni ya Geneviève. "Huyu Mukongomani ametusaidia sana. Umuambie asante yangu."

Nimemletea Geneviève mapapai. Yamekaa kitandani kando ya begi lililofungwa. Ananiangalia. Beseni la mwisho, la Jumanne, lipo hapa miguuni pangu, limefunikwa kwa sahani. Sikupata ujasiri hata wa kulimwaga.

Nimetoka kumwambia Eridadi. Haki ya Mungu nilitoka kumwambia. Nikasimama mbele yake nikafungua mdomo, nikamuuliza kama anataka sukari.

Akasema viwili. Nikamuuliza, ameshamwita daktari? Akatikisa kichwa. Daktari ataleta mambo ya kuandika andika, na mwisho wa mwezi umekaribia, tusiharibu kibali chetu. Amewaambia na wengine hivyo hivyo. Kumbe wengine nao! Musimenta, na wale wa chini kisimani, ndama wao wameanza kukataa majani tangu jana. Amewashauri wasihangaike, watangulie kuja kwangu kwanza.

"Usiharakishe, mama. Sisi tunangoja tu."

Maji ya chai yamechemka muda sasa. Nawasikia nje, wamefika. Wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, wanaweka majerikani chini moja moja kwenye saruji.