"Mtoto Mmoja, Anaishi Nami"

Shoga, bado niko hapa mahakamani.

Yule baba mtu kaomba atangazwe muflisi! Miezi kumi na tisa hajatoa matunzo ya mtoto, leo kaja na koti la kuazima, eti hana mbele wala nyuma.

Unanijua, sheria nimejisomea mwenyewe. Nikapaza sauti hadi kina mama kwenye benchi wakaitikia: "Kufilisika hakufuti matunzo ya mtoto!"

Karani akasema, "Kweli, mama. Lakini humu hakuna deni la matunzo."

Akanigeuzia fomu ya maombi. Mwandiko ni wa baba mtu, na chini kaapa: "Mtoto mmoja, anaishi nami."

Anaishi nami!! Mtu ambaye hajui hata namba ya kiatu cha mwanawe! Siku ya kuzaliwa kwake alikuja na mikono mitupu, sijasahau.

Nikacheka. Nikasema huyu kajikaanga kwa mafuta yake. Nikapiga simu shuleni wanipe barua kwamba mtoto anaishi kwangu.

Mwalimu mkuu akaniuliza, "Mbona baba yake alikuja juzi kuchukua barua ya uhamisho? Alisema mmekubaliana."

Nageuka, mama mzazi wa baba mtu huyu hapa koridoni, ananitazama kwa upole kama tuko msibani.

"Usihangaike, mwanangu. Chumba cha mjukuu wangu tumeshakipaka rangi."

Shoga, baba mtu simwoni tena humu ndani. Kengele ya kutoka shule inalia saa nane. Wewe uko karibu na hapo kuliko mimi. Kimbia.