Chumvi Isiyokwisha katika Injini ya Mashua: Kikao cha Dharura, Kikundi cha Mashua cha Bwawa la Kalimoni

Kikao kilifanyika Jumamosi tarehe 14 Septemba 1996 katika hoteli ya Bi. Beth, Kalimoni. Kiliitishwa kianze saa nane kamili na kikaanza saa tisa kasorobo, baada ya Mwenyekiti kumaliza chapati.

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Gathogo – Mwenyekiti
2. Bi. Magdalene – Katibu
3. Bw. Idarous – Fundi wa injini (muuza viatu, Ruiru)
4. Bw. Gachau – Mtunza mashua (mfugaji; mashua, injini na pipa la kuoshea hukaa kwake)
5. Bi. Beth – Mwanachama, na mwenye hoteli

ALIYEALIKWA
Bw. Waweru – mtengenezaji wa mashine za kukata nyasi za ng'ombe, Thika

ALIYEKOSA BILA UDHURU
Bw. Jeconia. Hakuna aliyeuliza sababu.

KUMB. NA. 1/9/96: KUFUNGUA KIKAO
Bi. Beth aliomba, kisha Bw. Idarous akaomba kwa dini yake. Maombi yote mawili yalitaja injini.

KUMB. NA. 2/9/96: HARUSI YA BINTI WA BW. JECONIA
Mwenyekiti alieleza kwamba tarehe 31 Agosti injini ilizima katikati ya bwawa, mashua ikiwa imebeba bibi harusi, wasimamizi wawili na keki ya ngazi tatu. Abiria walipiga makasia kwa kutumia benchi la mashua na ubao uliobeba keki. Bibi harusi alifika kanisani saa mbili nzima baada ya padri kuondoka. Mwenyekiti alisema aibu hiyo ni ya kikundi kizima. Katibu alikumbusha kwamba aliyemhakikishia Bw. Jeconia kuwa mashua ni bora kuliko gari alikuwa Mwenyekiti, na kwamba imeandikwa. Mwenyekiti aliomba tuendelee.

KUMB. NA. 3/9/96: HOJA YA KUUZA INJINI
Mwenyekiti alitoa hoja kwamba injini iuzwe kwa Bw. Waweru na Bw. Idarous avuliwe ufundi. Bw. Gachau aliunga mkono kwa haraka ambayo Katibu hakuielewa wakati huo.

Bw. Waweru alieleza kwamba angeikata mguu unaoingia majini, aifunge kwenye meza, na ingekata nyasi za ng'ombe kumi kwa dakika chache. Alikuwa amekuja na futi ya kupimia na tayari alikuwa ameshapima.

Bw. Idarous aliomba kusema. Alieleza kwamba injini hiyo ilikuwa ya marehemu kaka yake, aliyeitumia Lamu miaka tisa, na kwamba aliileta mwenyewe juu ya basi na kuikabidhi kikundi bila masharti. Alisema hana kitu kingine cha kaka yake. Alisema kama ni lazima izikwe, afadhali izikwe bwawani kuliko kukatishwa nyasi. Bw. Waweru alirudisha futi mfukoni.

KUMB. NA. 4/9/96: MAELEZO YA KUOSHA INJINI
Mwenyekiti alimtaka fundi aeleze kwa nini injini anayodai kuiosha kila Jumapili imejaa chumvi.

Bw. Idarous alieleza kwamba injini hii huvuta maji ya nje ili ijipoze. Maji ya bahari huacha chumvi ndani, chumvi hukauka na kuziba njia, kisha injini hupata joto na kuzima. Dawa yake ni kuitumbukiza mguu kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi na kuiwasha dakika kumi, huku ukihakikisha inakojoa vizuri ubavuni.

Mwenyekiti alipinga neno hilo kuingia kwenye kumbukumbu za kikundi chenye akina mama. Bi. Beth alisema amelea watoto watano na neno hilo halimtishi. Baada ya mjadala wa dakika kumi na mbili iliamuliwa iandikwe "inatoa maji". Katibu ametii kuanzia hapa.

Bw. Idarous aliendelea kwamba chumvi ya Lamu aliimaliza mwaka juzi. Bwawa halina chumvi. Lakini tangu mwaka huu uanze, kila akifungua injini anaikuta nyeupe tena, na inazidi. Alikiri kwamba halali vizuri kwa sababu ya jambo hilo. Mwenyekiti alisema chumvi haiwezi kusafiri yenyewe kutoka Lamu. Bw. Gachau alisema huenda ni maajabu tu, na akapendekeza tupige kura.

KUMB. NA. 5/9/96: UCHUNGUZI
Bw. Idarous alifungua kifuniko cha injini, iliyokuwa imeletwa mlangoni kwa mkokoteni, na kuonyesha ukoko uliokuwa ndani. Bi. Beth aliukwangua kwa kijiko na kuuonja. Alionja mara ya pili. Ndipo aliposema:

"Hii si chumvi ya bahari. Hii ni chumvi ya ng'ombe. Ng'ombe yangu hulamba hii kila asubuhi."

Bw. Gachau alisimama na kusema anakwenda kuangalia kama ndama wake amefunguka. Alikumbushwa kwamba ndama yuko kwake, mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Aliketi.

KUMB. NA. 6/9/96: MAELEZO YA BW. GACHAU
Bw. Gachau, ambaye ndiye hujaza pipa kila Jumapili kabla ya fundi kufika, alikiri kwamba tangu Januari amekuwa akikoroga mikebe miwili ya chumvi ya ng'ombe katika maji hayo. Alipoona injini inazidi kudhoofika aliongeza hadi mitatu. Mwenyekiti alimuuliza kama alitaka kuiua. Bw. Gachau alijibu, na Katibu ameandika alivyosema:

"Mimi nilikuwa naisaidia. Niliona Bwana Idarous ameitoa chumvi yote, halafu ikaanza kukohoa. Ng'ombe ukiileta kutoka mbali, inakonda, unaipatia chumvi ndio izoee. Hii nayo imetoka kwao mbali. Niliihurumia."

Alipoulizwa kwa nini aliunga mkono iuzwe, alisema ni kwa sababu baada ya harusi aliogopa.

KUMB. NA. 7/9/96: MAJARIBIO
Kikao kilisimama kwa saa moja. Bw. Idarous aliitumbukiza injini katika pipa la Bi. Beth lenye maji ya mvua, akaipitishia siki na maji ya vuguvugu, akaiosha tena mara tatu. Mara ya nne iliwaka. Ilitoa maji ubavuni kwa nguvu na ikamlowesha Mwenyekiti kuanzia kiunoni hadi kwenye soksi. Wote walipiga makofi, Bw. Waweru akiwemo. Bw. Idarous aliegemea ukuta na kujifuta macho. Alisema ni moshi.

Hoja ya kuuza iliondolewa. Mwenyekiti ndiye aliyeiondoa, akiwa amejifunga kitambaa cha meza.

KUMB. NA. 8/9/96: ADHABU YA BW. GACHAU
Mwenyekiti alipendekeza Bw. Gachau asimamishwe mwaka mmoja. Bw. Idarous aliyetendewa kosa aliulizwa maoni yake. Alisema:

"Miaka kumi na mmoja niko Ruiru. Nimewauzia viatu nyote. Hakuna mtu amewahi kufikiri kuna kitu cha kwetu nakikosa. Huyu alifikiria injini. Mwacheni."

Katibu anakiri kwamba amemjua Bw. Idarous miaka yote hiyo na amenunua kwake jozi saba.

Bw. Gachau alisamehewa. Bi. Beth alivuta kiti karibu na kusema basi leo anaulizwa: anakosa nini? Mwenyekiti alikubali iingizwe kama ajenda.

KUMB. NA. 9/9/96: ANACHOKIKOSA BW. IDAROUS
Bw. Idarous alisema si kitu. Akabembelezwa. Akataja mkate wa mofa. Hakuna mwanachama aliyejua ni mkate gani, akaueleza: ni wa mtama, huokwa kwenye tanuri la udongo. Kisha akataja jirani wa mama yake aliyekuwa akiuoka, na mtaa wao, na kaka yake walipokuwa wadogo.

KUFUNGA
Mwenyekiti alitangaza mwisho wa kikao saa kumi na mbili na dakika ishirini. Hakuna aliyeondoka, kwa kuwa Bw. Idarous alikuwa bado anaeleza.

Sahihi:

................................ Gathogo, Mwenyekiti

................................ Magdalene, Katibu