Kwa Papa Sumaili, Aliyetaja Ugonjwa kwa Jina

Mwaka umezunguka, Papa, tangu askari walipokukuta karakanani na randa mkononi, wakakuambia uache kazi uwafuate. Ulijipangusa unga wa mbao mikononi, ukamwambia Mama asifunge mlango kwa kuwa utarudi kumalizia dirisha la watu. Dirisha lile alikuja kulimalizia Papa Augustin, jirani yako. Wewe hukurudi.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa Sumaili Husseini, fundi wa mbao wa hapa Kalemie, ng'ambo ya mto Lukuga. Milango mingi ya mtaa wetu imetoka mikononi mwako. Ulipenda chai ya mchaichai bila sukari. Ulikuwa ukitafuta penseli nyumba nzima nayo imekaa juu ya sikio lako, na wajukuu walikuacha utafute kidogo ndipo wacheke. Hukuwahi kumpiga mtoto. Ukikasirika ulikwenda kupiga randa, na sisi tukajua kwa sauti ya randa kwamba tukae mbali.

Tena ulipenda kwenda zoni, ofisi ya serikali yetu ya hapa. Kila walipokutana washauri, ulivaa shati lako safi, ukavuka daraja, ukaketi nyuma ukisikiliza. Ulisema sheria inamruhusu raia kuketi pale, na kama inamruhusu, basi kiti kisibaki wazi. Ukirudi, kabla ya tonge la kwanza la bukari tulikuwa tumekwisha kujua kwamba soko litahamishwa, au kwamba mtaro wa chini umesahauliwa tena. Jioni watu walipita karakanani kusikia yale yaliyoamuliwa juu yao. Mama alikuwa akikuonya, akikuita kwa jina la binti yako mkubwa.

"Papa Mwavita, haya mambo ya wakubwa yatatuletea taabu."

"Mambo ya zoni si mambo ya chumbani," ulimjibu. "Njo mambo ya watu wote."

Wengine wanakumbuka siku ya salongo, ulipouliza mbele ya watu majembe ya kazi ya umma yamekwenda wapi. Kesho yake yalirudi, yakiwa na udongo mbichi wa shamba la mtu mkubwa. Tulicheka wiki nzima. Huenda tulicheka mno, kwa maana tangu siku ile walianza kukuangalia.

Kisha zikaja mvua za mwaka jana. Watu wa ufukoni walianza kuja kwako kuagiza majeneza, leo huyu, kesho yule, na mengine yalikuwa madogo. Uliwauliza marehemu alikuwa na nini. Wote walijibu jambo moja: tumbo, asubuhi mzima, jioni maiti. Ulikwenda zoni kwenye kikao kama kawaida yako. Ilipofika zamu ya habari za afya, sekretere akakuomba utoke nje. Ilikuwa mara ya kwanza kukutoa.

Bertille, mganga wa dispansere yetu, alikuwa ameitwa kwenye kikao kile atoe ripoti. Alipita nyumbani akirudi, akaketi kwenye kigoda jikoni kwa Mama, nawe ukatoka karakanani kumsikiliza.

"Niliwaambia ni kolera," alisema. "Wakasema hapana. Kuna wageni wanakuja kutoka Lubumbashi, na jina hilo likisikika bandari itafungwa. Nimeambiwa niandike kuhara kwa maembe."

"Wamekata shauri hivyo wote?" ulimuuliza.

"Wote. Ugonjwa hauna jina mpaka wageni wapite."

Siku zile redio ilikuwa inaleta maneno ya Konferensi ya Kinshasa, ule mkutano wa taifa, kwamba kila mtu ana ruhusa ya kusema, kwamba hakuna tena jambo la kuficha raia. Ulizima redio, ukasema, "Ruhusa hiyo ikifika huku itakuwa imechoka na safari." Mama alijua umekwisha kuamua.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, ulisimama juu ya ngazi. Hukupaza sauti. Ulisema, "Ndugu zangu, nasema jambo ambalo zoni imekatala kusema. Ni kolera, njo jina yake. Musinywe maji ya ziwa bila kuchemsha. Mutu akianza kuhara, mumukimbize kwa Bertille musingojee." Jumapili Papa Augustin alikupeleka mbele ya kanisa lao, ukasema maneno yale yale kwa Wakristo.

Si wote waliokushukuru. Mama Marceline, anayeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alikuja karakanani amefunga kitenge kiunoni kama mtu wa vita.

"Papa Sumaili, maboti ya Kigoma yakisikia hivyo hayatakuja. Watoto wangu watakula maneno yako?"

"Ndagala utauza hata mwezi ujao, Mama. Leo chemsha maji."

"Kwa kuni gani? Kila kitu kimelowa."

Ulimjazia gunia la vipande vya mbao, vikavu, vya mninga uliokuwa umeutunza kwa kazi ya mlango. Kuanzia siku ile ulitoa mbao kwa kila aliyekuja. Mama aliona mti mzuri unakwenda motoni, naye akakushikia gunia.

Kisha wakaja wale askari. Walisema unatisha raia. Walimchukua na Papa Augustin pia, kwa kuwa alikutembeza.

Aliyotueleza Papa Augustin alipoachiliwa tunayaandika hapa, kwa maana ni haki yako yajulikane. Kasho walimowafungia ilikuwa imejaa mpaka watu walilala kwa zamu. Maji ya kunywa yalikuwa ya ndoo moja, yaliyochotwa ziwani, na mtu mmoja pale ndani alikuwa tayari mgonjwa. Mama alileta bidoni ya maji yaliyochemshwa. Askari wa mlangoni aliipokea, akamwambia arudi nyumbani bila wasiwasi, kisha akaosha nayo miguu. Wewe uliiona kupitia nafasi ya mlango. Ulimwambia Papa Augustin, "Usinywe ya ndoo. Vumilia kiu." Yeye alivumilia, akaishi. Wewe ulimpa maji ya ndoo yule mgonjwa, ukimshika kichwa kwa mikono yako, na mikono ile hukuwa na pa kuinawia.

Tumbo lilipokushika ulijua ni nini. Papa Augustin alipiga mlango mpaka ngumi zikachubuka. Walipofungua ulikuwa huwezi kusimama. Walikubeba ndani ya blanketi, nawe ukamwambia, "Uwaambie nyumbani wachemshe." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho tuliyoyapata.

Mama alipopata habari na kufika hospitali, aliambiwa umekwisha kufa, umekwisha kuzikwa. Hakuna aliyekuosha kama dini inavyotaka. Hakuna sanda. Shehe hakuitwa. Walisema wafu wa ugonjwa huo wanazikwa upesi na chokaa, na ndipo Mama aliposikia kwa masikio yake kwamba ugonjwa huo sasa una jina. Wageni walikuwa wamekwisha kupita. Wiki ile ile zoni ilituma gari lenye kipaza sauti, likapita mtaani likisema, "Kolera, chemsheni maji," nasi tulikuwa tumekaa msibani tunalisikiliza.

Ufukoni walikufa wengi. Mtaani kwetu walikufa pia, lakini wachache kuliko kule. Watoto wa Mama Marceline wako wazima wote. Siku ya arobaini alikuja na kapu la ndagala, akaliweka jikoni, akakaa karibu na Mama mpaka jua likatua.

Papa, tumeuliza mahali ulipolazwa. Hospitali walitutuma zoni. Zoni walitutuma kwa askari. Askari wakaturudisha hospitali. Mara ya mwisho sekretere alimwambia Mwavita, binti yako mkubwa, "Hakuna uamuzi wowote juu ya jambo hilo." Mwavita akamuuliza, "Nani basi aliamua kuchimba?" Akaambiwa atoke.

Mama alipanda peke yake nyuma ya kilima, kule watu wanakosema malori ya maiti yalipita. Aliona udongo ulioinuka, matuta mawili marefu, nyasi zimeanza kuota, hakuna hata kijiti cha alama. Aliwasomea Fatiha wote waliomo, kwa kuwa hakujua amsomee nani. Hatujui hata kama umo.

Kwa hiyo tunawaomba mnaosoma haya. Kama ulikuwa kwenye lori, kama ulishika koleo, kama ulimwona mzee mwenye ndevu nyeupe na kidole kilichokatwa na msumeno, njoo nyumbani, ng'ambo ya daraja, karakana yenye mlango wa buluu. Hatutauliza jina lako. Hatutafuti kesi, tunatafuta kaburi.

Hitma itasomwa Ijumaa hii nyumbani.

Wanaokukumbuka: mke wako, Mama Adija, watoto wako Mwavita, Jumaa na Zainabu, wajukuu wako wote, Papa Augustin na watu wa nyumba yake, Bertille, Mama Marceline na watoto wake, na jirani wote wa ng'ambo ya Lukuga.

Siku zote u pamoja nasi, Papa. Hatutakusahau, wala hatutaacha kuuliza.