Ngoma Uliyofundishwa Suma

Mwaka umetimia, baba yetu Lutufyo Mwandemele, tangu tulipokubeba kutoka uwanjani Tukuyu, damu yako ikitulowesha mabega.

Ulikuwa mtu wa kuchuma chai asubuhi na kuwamba ngoma jioni. Hukuwahi kutupiga. Ukikasirika ulikwenda mgombani kukata majani makavu mpaka hasira iishe.

Mtafiti wa chuo alipokuja kijijini kwetu Masukulu kukurekodi, ulimkaribisha kwa maziwa. Ulimwambia wazi kwamba ngoma hiyo ulifundishwa kijiji cha Suma, na binamu yako mkubwa, Ambindwile. Hakuliandika hilo. Kitabu chake kikasema Masukulu ndiyo asili na Suma ni waigaji, kwa sababu tamasha la taifa lilitaka kundi moja la kuwakilisha Rungwe nzima.

Siku ya mchujo pale Tukuyu, msimamizi alisoma ukurasa huo wa kitabu kwenye kipaza sauti. Watu wa Suma wakasimama. Rungu la kwanza lilipasua ngoma yako. La pili lilimng'oa meno Jotham, mpigaji mwenzako. Ndipo vijana wetu wa Masukulu wakamwangusha Ambindwile, wakamkanyaga mbavu hadi akatema damu. Ukamlalia.

"Huyu ndiye mwalimu wangu," ulisema. "Mwacheni."

Ackson, mtoto wa kaka yako, alikuwa ameshainua mpini wa jembe. Pigo lilikupata kisogoni. Akapiga tena, kabla hajatambua anampiga nani.

Tunayasema haya kwa sababu kwenye tamasha walitangaza kwamba Suma ndio waliokuua, ukilinda asili ya taifa. Uliuawa na wa kwetu. Ackson alikiri mahakamani. Mama humtembelea gerezani. Anasema hata wewe ungekwenda.

Mwezi uliopita watu wa tamasha walikuja kuomba picha yako waitundike kwenye makumbusho. Mama aliwauliza kama chini yake wataandika pia jina la Ambindwile. Wakajibu kwamba kitabu kimeshachapwa. Mama akaichukua picha mezani, akaingia nayo ndani.

Jumamosi hii, baada ya ibada nyumbani, Ambindwile atakupigia ngoma mwenyewe. Atapiga ameketi, maana mbavu hazijaunga vizuri. Watu wa Suma wamealikwa wote.

Unakumbukwa na mkeo Atupakisye, wanao Tulia, Fred na Esnath, dada yako Felista, na mwalimu wako Ambindwile.

Hatutakusahau, tata, baba yetu, wala hatutaacha wakusimulie vibaya.