Mgongo Wangu na Jina la Mama Mdogo

Kichangani, Morogoro
14 Agosti, 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba kile kikohozi cha baridi kilichokusumbua mwezi wa sita kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Magdalena anakusalimu sana, anasema ndizi ulizotuma kwa gari la Matombo zilifika zote, hata moja haikupondeka. Wajukuu wako wanaendelea na shule. Mimi mwenyewe ni mzima kwa kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonikalisha kukuandikia. Nakuomba uisome mwenyewe, hata ikikuchukua siku mbili. Usimpe mtu akusomee.

Tangu Pasaka maumivu yangu yameshuka kutoka kiunoni, yanapita tako la kushoto na kuteremka mpaka kidole gumba cha mguu, yanawaka kama pilipili. Misa nzima siwezi kukaa kwenye benchi. Genge nimemwachia Magdalena, mimi nikawa nashinda chali sakafuni, miguu juu ya kiti. Daktari wetu wa hapa mjini, mama mmoja anaitwa Hidaya, alisema eksirei niliyokuwa nayo haitoshi, akaniandikia nikapigwe picha ya siti skani Dar es Salaam. Nilienda mwezi uliopita. Usiogope mama, kipimo chenyewe hakiumi. Unalala kitandani, kitanda kinakuingiza kwenye duara kubwa kama tairi la trekta, wanakuambia usitikisike, na baada ya muda kinakutoa.

Nilirudi na bahasha kubwa, ndani yake picha nyeusi na karatasi ya Kiingereza. Hapo nikafanya kosa. Badala ya kumsubiri daktari, nilimpa jirani yetu Evance anisomee, kwa kuwa alimaliza kidato cha nne. Alisoma, kisha akaniambia taratibu kwamba wameandika uti wa mgongo umechakaa na kuna kitu kimetokeza. Kwa siku nne nilijihesabu mfu. Nilimwelekeza Magdalena mahali zilipo karatasi za kiwanja, naye akalia.

Siku ya tano tukaenda wote kwa daktari. Aliibandika picha kwenye ubao wenye taa, akatuita tusogee. Alituonyesha pingili za kiunoni zilivyopangana, na kati ya pingili na pingili kuna kitu kama kijimto laini cha kuzuia mifupa isigongane. Kijimto kilichoko kati ya pingili ya nne na ya tano kimevimba upande mmoja, kinaugandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguu wa kushoto. Ndiyo maana mguu unawaka na hali jeraha liko kiunoni. Nilimuuliza kuhusu lile neno la kuchakaa. Akasema akiwapiga picha wanaume kumi wa umri wangu wanaotembea sokoni bila maumivu yoyote, wengi wao atawakuta na kuchakaa kama kwangu, kama nywele zinavyoota mvi. Picha peke yake haisemi yote, akasema, ni lazima aisome pamoja na mguu wenyewe. Akanigonga magoti kwa nyundo ya mpira, akaninyanyua mguu nikiwa nimelala, akanitembeza kwa visigino, halafu kwa vidole.

Njia alizonieleza ni tatu. Ya kwanza ni dawa za maumivu na mazoezi ya viungo, kutembea kila siku, na kuacha kabisa kunyanyua mizigo. Kulala muda wote kama nilivyokuwa nalala alikataza. Ya pili ni sindano ya mgongoni, ambayo hutuliza watu wengine kwa muda na wengine haiwasaidii. Ya tatu ni upasuaji Dar es Salaam, wa kukitoa kile kipande kinachogandamiza mshipa. Upasuaji, akasema, huusaidia zaidi mguu kuliko kiuno, na hakuna daktari mkweli atakayeniapia kwamba nitaamka mzima. Nikamuuliza angekuwa yeye angechagua nini. Akajibu kwamba mguu wangu bado una nguvu, kwa hiyo angeanza na mazoezi kwa miezi mitatu ndipo atazame tena. Lakini alinishika mkono akanionya: siku mguu ukilegea, au nikifa ganzi katikati ya mapaja, au nikishindwa kuzuia mkojo, nisingoje kesho, nikimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Nimechagua mazoezi. Leo ni siku ya kumi na moja.

Sasa mama, yaliyobaki ni yale yaliyonifanya nikuombe usome mwenyewe.

Daktari aliniuliza maumivu yalianza lini, na nilikuwa nafanya nini siku hiyo. Nikampa jibu ninalowapa watu wote kwa miaka sita sasa, kwamba niliamka tu asubuhi nikayakuta. Akaweka kalamu chini. Akasema hanihukumu, ila akidanganywa mwanzo atakosea mwisho. Magdalena alikuwa ameketi pembeni yangu. Nikasema ukweli mbele yake kwa mara ya kwanza.

Mwaka ule wa tisini na tatu kiwandani kulikuwa na orodha ya watu wa kupunguzwa kazi. Kila mtu alikuwa anatafuta kuonekana ana nguvu. Siku ya Ijumaa, msimamizi akiwa anatazama, nilinyanyua peke yangu robota la vitambaa ambalo hubebwa na watu watatu. Kitu kikakatika kiunoni, nikakisikia. Nilimaliza zamu nikiwa nimeuma meno, kwa sababu aliyeumia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikwa. Jumamosi nikaja nyumbani kwa mazishi ya mjomba. Jioni nikala kwa mama mdogo Paskalia. Jumapili sikuweza kuinuka mkekani.

Uliniuliza nimekula wapi. Nikakuambia. Nililijibu swali ulilouliza, na robota nikalificha, nikiogopa habari itafika kiwandani. Mganga uliyemwita aliposema ugonjwa umetoka ndani ya ukoo, nilikuwa nimelala pale nasikia, nikanyamaza. Wewe na mdogo wako mlikuwa na maneno ya mpaka wa shamba, ikawa rahisi kuamini kwamba ni yeye aliyeniroga. Ukaacha kuitikia salamu yake. Wanawake wa jumuiya wakakataa kula alichopika. Mtu akamkatia migomba usiku mmoja, na mpaka leo hajulikani. Alipoondoka kwenda kwa binti yake Editha huko Mzumbe, nilijiambia nitasema. Kiwanda kikafungwa, sote tukatoka, wenye afya na wagonjwa, na bado sikusema. Kila mwaka ulivyopita ilizidi kuwa ngumu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mzumbe na ile bahasha. Nilimkuta mama mdogo anachambua mchicha; amekonda, mama. Nilipiga magoti ingawa mgongo haupendi, nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliomba aione picha. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, halafu akaniuliza: “Severini, mimi niko wapi humu?”

Akairudisha kwenye bahasha, akaniuliza kama dada yake anajua. Nikasema bado. Akaniambia niandike. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Nitapanda Matombo Jumapili ya tarehe ishirini na tisa. Baada ya misa nitasimama mbele ya jumuiya niyaseme haya kwa mdomo wangu, nikitaja na robota na kiwanda. Usiponiruhusu kulala nyumbani nitaelewa, nitarudi siku hiyo hiyo.

Nisalimie wote hapo, na majirani wanaoniulizia. Mama mdogo nilimuuliza kama ana salamu za kukuletea. Alisema anazo, ila hazipitishi kwa mtu tena. Ukimtaka, atakuletea mwenyewe.

Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Severini